Jinsi ya kukitembelea kisiwa cha Chumbe: anza na tarehe ya mwezi

Kabla hujauliza bei, kabla hujauliza boti inaondoka saa ngapi, tazama leo ni tarehe ngapi ya mwezi mwandamo. Chumbe ni kisiwa kidogo cha Zanzibar, kando ya Unguja. Urefu wake ni kilomita moja na kitu, upana wake hauzidi mita 300, na karibu kila utakachokiona huko kinafuata maji. Ukifika yamekupwa utatembea juu ya mwamba na kuchungulia madimbwi. Ukifika yamejaa, mwamba uleule uko chini na samaki wanapita juu yake. Wengi wetu huchagua siku kwa sababu ya kazi au likizo, tukafika na kukiona kisiwa nusu, tukarudi tukisema Chumbe hakuna kitu. Kiko, tena kingi. Ila kina saa zake.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika skuli ya sekondari hapa Unguja, na nimezoea kufuatana na wanafunzi kwenda huko, na mara nyengine na watu wa nyumbani kwangu. Hesabu ya maji sikuipata chuoni. Nilifundishwa na bibi yangu, mchokoaji pweza wa kusini, ambaye alikuwa akitazama mwezi jioni na kusema kesho tutoke saa ngapi. Hesabu hiyo ndiyo naitoa kwanza, kwa sababu mengine yote yatakaa juu yake.

Kuhesabu maji

Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua. Hiyo ni kuanzia tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu, na nguvu yake huendelea siku mbili tatu baadaye. Bamvua hujaa sana na kukupwa sana. Katika bahari yetu tofauti baina ya kujaa na kukupwa siku hizo hukaribia mita 4. Hapa Unguja maji ya bamvua hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa kama saa nne na nusu, asubuhi na usiku. Kila siku inayopita, saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50.

Ukifika tarehe 8 au 23, mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu. Hayajai sana wala hayakupwi sana, na saa zake zimegeuka: yanajaa mnamo saa nne asubuhi na kukupwa saa kumi alasiri.

Sasa unganisha hayo na boti. Boti ya wageni wa kutwa huondoka Mbweni, pwani ya Unguja, asubuhi, karibu saa nne, na safari ni kama dakika 40. Ukienda tarehe 1 hadi 3, au 15 hadi 17, utashuka maji yakiwa chini kabisa au karibu ya hapo. Tembea mwambani kwanza. Usikubali kuanza na chai ndefu, maana maji ya bamvua yakianza kurudi hayangoji mtu. Mchana kula, pumzika, ingia msituni, na saa nane hivi vaa miwani uingie baharini maji yakiwa yanapanda. Kwa familia yenye watoto wa umri tofauti, au kwa darasa, sijaona siku bora kuliko hizo, kwa sababu mtu asiyetaka kuogelea naye amepata bahari yake asubuhi.

Tarehe 7 hadi 9, au 22 hadi 24, ni siku za waogeleaji, na hasa za wanaojifunza. Mkondo ni hafifu na kina hakibadiliki sana. Ingia majini mara tu ukifika. Matembezi ya mwambani siku hizo ni machache na huna haja ya kuyasikitikia.

Nitaje na sikukuu, maana ndipo wengi wetu tunapopata nafasi ya kutembea. Idd el Fitri ni tarehe 1 ya Shawwal, kwa hiyo kila mwaka huangukia bamvua: asubuhi maji makavu, alasiri yamejaa. Idd el Hajj ni tarehe 10, na maji hujaa karibu saa sita mchana, basi hiyo ni siku ya kuogelea. Kama kalenda yako ya ukutani inatofautiana kwa siku moja na mwandamo uliotangazwa, hesabu haitaharibika. Utakosea chini ya saa moja. Ukitaka uhakika wa dakika, muulize anayekupokea simu katika kampuni inayosimamia kisiwa akusomee jedwali la maji la siku hiyo. Wanalo.

Baada ya maji, upepo. Chumbe kiko kusini ya Mji Mkongwe, katika mkono wa bahari unaotutenga na bara. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi ya alasiri humrusha mtu kwenye boti na maji huwa na vumbi la mchanga. Kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, maji ni ya moto na ya kuonea mbali. Mimi hupenda malelezi, pale upepo mmoja umekwisha na mwengine haujashika, bahari ikawa shwari. Masika usipange safari. Mvua zikishika kisiwa huwa kinafungwa kwa matengenezo.

Kupata nafasi

Mwaka 1994 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitangaza mwamba wa magharibi ya kisiwa kuwa hifadhi ya bahari na msitu wake kuwa hifadhi iliyofungwa, na usimamizi ukakabidhiwa kampuni binafsi isiyogawana faida, Chumbe Island Coral Park. Fedha za wageni ndizo zinazolipa walinzi na ndizo zinazowachukua wanafunzi wetu. Nyumba za kulala ni saba tu. Wageni wa kutwa hupokewa pale nafasi inapobaki, kwa hiyo piga simu mapema, taja tarehe mbili au tatu ulizozichagua kwa hesabu ya maji, na useme wazi kwamba wewe ni mwenyeji na uulize bei ya wenyeji. Wengi hawaulizi. Wanadhani kisiwa ni cha Wazungu, wakakata tamaa kabla ya kuuliza.

Mwalimu mwenzangu, wewe usipige simu kuomba nafasi ya utalii. Andika barua ya skuli, ipitie kwa mwalimu mkuu, taja idadi ya wanafunzi, darasa, na mada ya somo unayoifundisha muhula huo. Wana programu ya elimu kwa skuli tangu miaka ya 1990, na watu wake wanajua kufundisha. Omba mapema, kwa sababu skuli ni nyingi na boti ni ile ile. Barua za ruhusa kwa wazazi ziandike kwa lugha ya kuwatuliza: sema nani atakuwa majini na watoto, sema kila mtoto atavaa jaketi okozi, na sema wasichana watakuwa na mwalimu wa kike. Nimeona baba aliyekataa kabisa akabadilika aliposoma sentensi hiyo ya mwisho.

Vaa nini, chukua nini

Viatu vya mpira vinavyoshika mguu. Si ndara, ndara hubaki kwenye tope na wewe ukaendelea. Jiwe la Chumbe ni matumbawe ya zamani yaliyogeuka mwamba, nalo linakata, ndani ya maji na nje.

Kwa kuogelea, suruali nyepesi ya kubana na fulana ya mikono mirefu. Wasichana na kina mama wanaojisitiri wavae kilemba cha kubana kilichofungwa nyuma, kisiwe mtandio wa kuning'inia, kwa sababu mtandio huo ukilowa huziba mpira wa kupumulia. Nguo ndefu ina faida nyengine: hutahitaji kujipaka mafuta ya jua mwili mzima. Baadhi ya dawa zilizomo katika mafuta hayo hudhuru matumbawe.

Maji ya kunywa, kofia, nguo za kubadilisha, dawa ya kichefuchefu kwa anayeogopa boti (ameze kabla ya kupanda, si akishaanza kutapika). Simu itie kwenye mfuko usiopitisha maji. Ukilala huko, chukua tochi. Taka zako zote zirudi nawe mjini.

Mwambani, maji yakiwa chini

Tembea nyuma ya mlinzi na ukanyage anapokanyaga. Mchanga na mwamba mtupu unakanyagika. Tumbawe lililo hai halikanyagiki, hata kama linaonekana gumu. Ngozi yake ni nyembamba na ndiyo mnyama mwenyewe. Matumbawe ya mviringo yale makubwa hukua kama sentimita moja kwa mwaka, mengine chini ya hapo. Kisigino kimoja kinaweza kuvunja kazi ya miaka mingi kuliko umri wa mtoto anayekanyaga, na mimi huwaambia wanafunzi hivyo hivyo.

Simama kwenye dimbwi moja badala ya kukimbilia kumi. Dakika ya kwanza utaona maji na mawe. Dakika ya tatu jiwe moja litatembea; ni kaa aliyejificha ndani ya kombe la kuazima. Kisha utamwona kiti cha pweza (si pweza, ni mnyama mwenye umbo la nyota), jongoo bahari akimeza mchanga na kuutoa safi upande wa pili, na samaki wadogo wanaongoja bahari irudi. Pweza ni mgumu kumwona. Bibi alinifundisha kutafuta mlango, yaani tundu lenye vipande vya kombe na magamba ya kaa vilivyopangwa nje kama jaa la jikoni. Ukiona hayo, mwenyewe yumo ndani. Huko kusini tungemchokoa. Chumbe unamtazama tu, naye kwa kuwa hachokolewi hukutazama vilevile.

Ukigeuza jiwe, ligeuze polepole na ulirudishe lilivyokuwa, upande wa chini ukae chini. Vilivyoota chini ya jiwe hufa kwa jua. Usiokote kombe lolote, tupu au lenye kitu. Kombe tupu ni nyumba ya kaa wa kesho, na yapo makombe mazuri yenye umbo la pia ambayo konokono wake hudunga kwa sumu kali. Mikono usiitie katika tundu usiloliona mwisho wake. Yupo pia samaki anayefanana kabisa na jiwe, mwenye miiba ya sumu mgongoni. Ndiyo sababu nasisitiza viatu.

Ndani ya maji

Hapa ndipo nataka ukae zaidi.

Mwamba wa magharibi ya Chumbe una zaidi ya aina 400 za samaki, na matumbawe magumu yapata aina 200, ambazo ni kama asilimia 90 ya aina zilizowahi kuandikwa Afrika Mashariki. Yote hayo yako katika maji ya kina kifupi, kiasi kwamba mtu anayeelea juu anayaona bila ya kuzama. Kuzamia na mitungi hakuruhusiwi kwa wageni, na wala huihitaji. Kutia nanga pia ni marufuku; boti hufungwa kwenye maboya.

Kama hujui kuogelea, sema hivyo kabla ya kutoka ufukweni. Mlinzi atakupa jaketi na boya la duara la kushika. Kaa kwanza pale maji yanapofika kiunoni. Vaa miwani, hakikisha hakuna unywele wala kilemba chini ya mpira wake, tia mpira wa kupumulia mdomoni, inama, tia uso majini na uvute pumzi kwa mdomo. Moyo utakwenda mbio. Ni kawaida, mwili hauamini kwamba uso uko majini na hewa inapatikana. Kaa hapohapo, vuta pumzi ndefu, toa ndefu, mpaka mabega yashuke. Ndipo unyanyue miguu. Wasichana wangu wengi, ambao wamezaliwa hatua mia kutoka pwani na hawajawahi kutia kichwa chini ya bahari, huinuka baada ya dakika chache na kuniita kwa sauti wakitaka na mimi nitazame. Kwa ajili ya sauti hiyo mimi naandika barua za ruhusa kila mwaka.

Ukishaelea, tulia. Usipige miguu kwa nguvu, unawafukuza samaki na mapezi yako yatavunja matumbawe nyuma yako. Usisimame. Ukichoka, lala chali au ushike boya.

Mtafute pono kwanza, kwa sababu utamsikia kabla hujamwona. Sauti ya kutafuna unayoisikia chini ya maji ni meno yake yakikwaruza mwamba. Anakula mwani unaoota juu ya matumbawe yaliyokufa, anameza na jiwe, kisha anatoa mchanga mweupe. Mfuate kidogo utauona ukimtoka. Sehemu ya mchanga wa fukwe zetu imepita ndani ya pono. Na kwa kuwa anaula mwani, anasafisha nafasi ya tumbawe changa kushika. Kwenye mwamba ambao pono wote wamekwisha kwa nyavu, mwani hutawala na tumbawe halirudi.

Kangaja hutembea makundi makundi. Kitatange huenda wawili wawili. Chewa hukaa chini ya meza za matumbawe, mdomo wazi, na huko Chumbe utaona chewa wa ukubwa ambao watoto wa leo hawaujui sokoni Darajani. Kasa na ng'amba hupita, na ukimwona usimfuate juu yake. Anatakiwa apande kuvuta pumzi, naye ukimzibia juu anaogopa kupanda. Taa wenye madoa ya buluu hujizika mchangani. Papa wadogo wenye ncha nyeusi za mapezi wapo, nao ni waoga kuliko wewe.

Mwambie mlinzi akuonyeshe pia tumbawe linaloumwa. Rangi ya tumbawe hutoka kwa mwani mdogo sana unaoishi ndani ya mwili wake na kumlisha. Bahari ikizidi joto kwa wiki kadhaa, ushirika huo huvunjika, mwani hutoka, na tumbawe hubaki jeupe. Halijafa bado wakati huo, ila lina njaa. Joto likishuka upesi, mwani unarudi. Ugonjwa huo wa joto ulitokea katika bahari yetu mwaka 1998 na tena 2016, na Chumbe hakikusalimika, ila mwamba uliofungwa ulikuwa na samaki wake kamili wa kuusafisha, na palipokufa pameota tena. Ukikiona kiti cha pweza kikubwa chenye miiba mwili mzima, usikiguse, mwite mlinzi. Huyo hula matumbawe, na wakizidi walinzi huwatoa.

Walinzi hao wengi wao walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Waulize. Waulize samaki gani alikuwa akitegwa kwa dema gani, kwenye mwamba upi. Watakwambia pia jambo ambalo mvuvi anayelalamikia hifadhi anapaswa kulisikia kutoka kwa mvuvi mwenzake: samaki mkubwa hutaga mayai mengi mara nyingi zaidi ya mdogo, mayai huchukuliwa na mkondo, na mipaka ya hifadhi haizuii mkondo. Wanaozaliwa Chumbe hukua kwenye miamba ambako uvuvi unaruhusiwa.

Msituni

Mpaka wa bahari na msitu ni hatua chache. Kisiwa chote ni mwamba uliokuwa chini ya bahari, na ukitembea njia za ndani, tazama chini ya miguu yako: utaona umbo la matumbawe yale yale uliyoyaona majini, sasa yamekuwa jiwe la kijivu, na makombe makubwa yaliyonasa ndani yake. Hakuna mto, hakuna kisima cha maji matamu, udongo ni kiasi cha kujaza nyufa tu. Miti imeota hivyo hivyo. Mizizi hutambaa juu ya jiwe mita kadhaa mpaka ipate ufa, ikazama. Majani mengi ni mazito na yanang'aa ili maji yasipotee, na kiangazi baadhi ya miti hupukutisha majani yote.

Tembea asubuhi au baada ya alasiri, si saa saba mchana. Usiongee. Huko yupo paa nunga, paa mdogo mwekundu mwenye mstari mweupe matakoni, ambaye duniani anabaki Unguja na misitu michache ya pwani ya Kenya. Alikuwa akiwindwa Unguja kwa nyavu na mbwa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 wachache walihamishiwa Chumbe wapate pahala pa salama. Kumwona ni bahati. Ukiona kinyesi chake kama punje nyeusi juu ya jani kavu, mwonyeshe mtoto wako na uridhike.

Ndege wanaojenga chini au ufukweni wana amani hapa kwa sababu moja kubwa: hakuna paka, na panya waliondolewa mwaka 1997. Panya mmoja kwenye kisiwa kidogo humaliza mayai ya msimu mzima. Kwa hiyo kabla ya kupanda boti kague mizigo yako, hasa vikapu vya chakula. Ombi hilo nalitilia mkazo kuliko mengine yote.

Kaa wa usiku

Ukiweza kulala, lala japo usiku mmoja, kwa ajili ya kaa wa nazi. Huyu ndiye kaa mkubwa kuliko wote wa nchi kavu duniani, anafika kilo 4, na pahala pengi palipo na watu ameliwa mpaka kwisha. Mchana hujificha katika mapango madogo ya mwamba. Giza likiingia hutoka, na walinzi wanajua njia zake.

Zima tochi nyeupe inapowezekana, au ielekeze chini. Tembea polepole, maana wengine wako katikati ya njia, na wengine wako juu ya mti usawa wa uso wako. Rangi yao ni ya buluu iliyoiva, au nyekundu inayokaribia damu ya mzee. Usimguse na usimpe kidole chako. Gando lile hupasua nazi. Mtazame anavyokula, kwa subira, akinyofoa kidogo kidogo. Akiwa mchanga hubeba kombe mgongoni kama wale wadogo wa mwambani, kisha akikua huliacha na ngozi yake inakuwa ngumu. Jike hurudi baharini kuachia mayai tu. Kaa mzima akizama majini anakufa, kwani anavuta hewa. Anaishi miongo kadhaa, kwa hiyo yule utakayemwona huenda ameanza kutambaa hapo kabla wewe hujazaliwa.

Kulala huko kuna mafunzo mengine ya nyumbani. Paa za makuti ni pana na zimeinama ili kuteka mvua. Maji hupita kwenye chujio na kuhifadhiwa katika tangi chini ya sakafu, na hayo ndiyo unayoogea. Choo hakitumii maji, ni cha mboji. Umeme ni wa jua. Maji ya kuogea hayamwagwi baharini, hupitishwa kwenye kitalu cha mimea kinachonyonya uchafu. Nawashauri wanaojenga vijijini kwetu, kusini na mashariki, ambako visima vimeanza kuwa na chumvi, wapapase kila kona ya nyumba hizo na waulize maswali mengi.

Mnara wa taa ulijengwa 1904. Panda kama miguu ina nguvu, ngazi zake ni nyembamba, na juu utaona mwamba wote ulivyolala ndani ya maji na boti za Dar es Salaam zikipita. Pembeni yake uko msikiti mdogo uliojengwa kwa ajili ya watunza taa. Wageni wa kutwa wanaweza kusali adhuhuri hapo. Chukua maji ya udhu kwa uchache, ni mvua iliyotunzwa.

Kurudi

Boti hurudi alasiri. Siku za bamvua, alasiri maji yamejaa na kupanda ni rahisi. Siku za maji mafu utatembea majini kidogo, basi nguo kavu usiivae mpaka umo botini. Watoto wapewe maji ya kunywa na kitu cha chumvi kabla ya safari, maana kuogelea kunakausha na hawajui. Waketi nyuma, karibu na injini, ambako boti hairuki sana.

Kwa walimu: kabla hamjashuka Mbweni, kila mwanafunzi aandike majina matatu ya vitu alivyoviona, kwa jina linalotumika kijijini kwao. Majina ya vitabu mtayafanya darasani kesho yake. Majina ya vijijini hutofautiana baina ya Nungwi na Kizimkazi kwa samaki mmoja, na watoto wakianza kubishana juu yake ndipo wanapokumbuka umbo, rangi na mahali alipokuwa. Wiki hiyohiyo andika barua ya mwaka ujao, na tarehe uichague mwenyewe kwa mwezi, kwa sababu kalenda ya skuli haijui maji.